Nimenaswa kwenye chumba changu mwenyewe

Luc, weka hiyo sahani ya chipsi za poutine chini usome. Nimeaibika leo mpaka masikio yanawaka.

Unakijua kile chumba cha mchezo wetu wa kompyuta nilichokijenga mwaka mzima, kile cha chini ya kanisa. Leo studio imeleta watu wa nje wakijaribu. Hakuna aliyeuona mlango wa kutokea. Hata mmoja.

Mimi na mdomo wangu nikamwambia bosi, Mireille, "Hawa hawajui kucheza. Mlango uko wazi kabisa."

Akasema, "Basi kaa wewe, Gaétan, utuonyeshe."

Nikakaa. Luc, sikuuona. Nilihangaika nikigonga kuta kama nzi dirishani, wenzetu wote wamesimama nyuma yangu. Mwisho nikatumbukia shimoni. Shimo nililolichimba mwenyewe.

"Kwani mlango uliuweka wapi?" Mireille akauliza.

Nikapapasa skrini kwa kidole nikiutafuta. Miaka ishirini kwenye michezo ya mamilioni ya dola, na mlango wangu mwenyewe siujui.

Akaamua chumba kiondolewe palepale.

Natoka, dada mmoja kati ya wale waliokuja kujaribu, hanijui hata jina, akanishika bega: "Usijilaumu, kaka. Aliyekitengeneza ndiye hana akili."

Nikamjibu, "Hata mimi nimeliona hilo, dada."