Plagi Iliyomenywa kwa Kisu cha Ndizi

Speciose, kaa chini kwanza!

Unaikumbuka kompyuta kuukuu ya parokia, waliyotuachia watu wa kambi ya wakimbizi? Leo Telesfori, fundi wetu, kaifungia diski aliyoinunua mjini Kabanga. Plagi ya umeme ya mle ndani hailingani na tundu la diski. Kageuza, ikagoma. Akachukua kisu cha ndizi, akaimenya plagi! AKAIMENYA! Ikaingia kwa nguvu, kichwa chini miguu juu.

Padri hana habari, kaja kuibariki. Si unajua hapa hata pikipiki haiwashwi bila baraka? Kanyunyiza maji, Telesfori kawasha. Puu! Moshi!

Wanakwaya wakimbizi, ambao nyimbo zao zote zimo kwenye kompyuta hiyo, wakapiga yowe.

Padri mikono kichwani: "Ni maji yangu! Nisamehe, Telesfori."

Na yule mshenzi, kisu kakikalia, akamjibu:

"Nimekusamehe, Padri. Nenda, usitende dhambi tena."