Injini Iliyofungiwa Boksini

Baba, shikamoo.

Wazee wa hapa Johannesburg wamenichosha! Ukumbi mzima wanabadilishana treni ndogo za kuchezea. Nikaona injini kama ile uliyoendesha Tabora, nikataka kufungua boksi nione kama inatembea. Eish! Mwenyewe akanipokonya kana kwamba nimemwangushia mtoto. Ati ikifunguliwa inashuka thamani. Amekaa nayo miaka ishirini, hajawahi kuitembeza hata siku moja! Nikamwonyesha kwenye simu picha yako ukiwa dirishani mwa injini: "Baba yangu aliendesha ya kweli, na haikukaa boksini!"

Akakata utepe wa boksi mwenyewe, akaiweka injini kwenye reli ndogo za mezani. Kisha akaniuliza ulikuwa ukipigaje honi ukikaribia nyumbani.

Nikamwambia nitakuuliza, Baba. Nikirudi, uniigizie.

Mwanao akupendaye,
Zuhura