Pigo Zito Linatangulia

Mama,

Nimefaulu. Nakwambia hili kabla ya salamu maana nakujua, ungenikatisha uulize, "Enhe, wamesemaje?" Wamesema mimi Anjela wa Mwese najua Kiholanzi! Sasa njia ya kumfuata baba Neema Uholanzi imefunguka, na mtoto atamshika baba anayemjua kwa simu tu.

Mpaka leo nashangaa. Nilikujua kama mpishi wa zamani wa masista wa Kiholanzi, basi. Kumbe lugha nzima ilikuwa imekaa ndani yako kimya miaka yote hiyo, unatusongea ugali kama kawaida. Nilipolalamika kwamba mtihani wa viza ni wa kuongea na mwalimu sina, ulikuwa unakata kuku. Ukasema: aardappel. Kiazi, lakini wao wanakiita tufaha la ardhini. Nilicheka, wewe hukucheka. Ukaninyooshea kisu. "Neno refu ni kuku. Tafuta kiungo kwanza. Aard, hapo kata. Halafu ndo ugawe vipande vidogo, ap, pel. Ukikata ovyo unavunja mifupa."

Na kile kinu, mama! Mimi nilikuwa nakaza sauti karibu na mwisho wa neno kama tulivyozoea kwenye Kiswahili, ziekenhuis yangu, yaani hospitali, ikawa inachechemea. Ukanipa mchi. Zie, pigo zito. Ken, jepesi. Huis, la wastani. Majirani wakauliza tunatwangia harusi ya nani. Hospitali kwao ni nyumba ya wagonjwa, ila mgonjwa anatangulia, nyumba inafuata nyuma, na uzito wa sauti anapewa mgonjwa. Ulinieleza hayo huku umeshaanza kukohoa.

Nilipanda treni pale Mpanda arobaini yako haijafika. Shangazi alinuna. Kwenye chumba cha mtihani Dar wakanivalisha spika za masikioni, swali likaja, nikaanza kulia. Nikajua nimeshindwa. Ndipo kisigino changu kikaanza kutwanga sakafu chenyewe, zito, jepesi, zito, jepesi, na maneno yakatoka yamekatwa vizuri kwenye viungo. Nilikusikia kabisa, mama, upande wa pili wa kinu.

Jana nimekutana na neno moedertaal. Lugha ya mama. Nikaenda uani, nikalikata kwenye kiungo, nikalitwanga peke yangu. Pigo zito likamwangukia mama. Nikakaa chini nikalia, na Neema akaja akanikalia mapajani bila kuuliza.

Pumzika sasa. Kaburi lako atalipalilia shangazi, ameshaacha kununa. Kiholanzi Neema atafundishwa na shule za huko. Kibende chako ulichonilea nacho nitampa mimi, nakuahidi, na tutakitwanga kwa mchi wako. Naubeba, hata wakinicheka kiwanja cha ndege.

Mwanao,
Anjela