Mama Mdogo Akiulizwa Hali, Husema Afadhali

Scarborough, Toronto
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mfikishie Baba. Goti lako linasemaje? Na Baba, anameza dawa za presha au bado anazificha chini ya mto akidhani huoni? Mvua zilizowaharibia mahindi zimekwisha? Huku joto limeanza, wazee wa jengo letu wamerudi kukaa kwenye viti vya plastiki mlangoni, na mimi sina homa wala kikohozi. Yaliyobaki nitayaeleza.

Utashangaa kupata barua ya karatasi. Kuna mwanafunzi wa Tanga anakuja huko likizo, nimemwomba aifikishe mkononi mwako. Kwenye simu siwezi kusema haya. Tunaishi chumba kimoja na sebule, mama mdogo Hadija yuko hatua tatu kutoka nilipo, na masikio yake hayakuguswa na kiharusi. Hata sasa anadhani najaza fomu.

Nataka kukueleza jambo nililolifanya, na sijui kama ni kosa. Nimeligeuza kichwani mpaka silioni tena vizuri. Labda wewe utaliona.

Unajua mdogo wako alianguka kazini mwezi wa pili, kwenye korido ya hoteli, kigari cha mashuka kikiwa mbele yake. Unajua upande wa kulia ulilegea. Usichokijua ni jinsi tunavyoishi tangu siku hiyo. Hoteli ina bima inayomlipa sehemu ya mshahara mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi. Hiyo ndiyo inayolipia nyumba yake na chakula chake. Serikali nayo inamlipa mtu anayeacha kazi kwa muda ili amuuguze ndugu. Huyo ni mimi, nimepewa wiki kumi na tano kutoka maktaba ya chuo ninakofanya kazi. Ofisi mbili, fomu mbili, na kila fomu ina ukurasa wa daktari, na kurasa hizo zinafanana kama mapacha.

Fomu ya serikali iliuliza mgonjwa ni nani wangu. Niliandika mama. Kisha nikakumbuka kwamba mama ni wewe na kwamba watataka cheti cha kuzaliwa, nikafuta. Kwa Kiingereza mama mdogo na shangazi ni neno moja. Nililiandika neno hilo nikiona kama nimemhamisha mama mdogo usiku na virago vyake, nimempeleka ukoo wa Baba.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo sina shaka ni kosa. Ukurasa wa daktari wa bima niliutia kwenye bahasha ya serikali, na wa serikali nikautia kwenye bahasha ya bima. Mimi, mwenye shahada mbili. Serikali waliniarifu mapema, nikawapelekea wao ukurasa wao. Bima hawakusema kitu, nami nikajiaminisha kwamba kwao kuko sawa. Wao walipiga simu tu.

Aliyeshika faili la mama mdogo anaitwa Donna. Ana sauti nzuri, ya mtu anayekusikiliza huku anakunywa chai. Alipiga mara tatu kwa muda wa wiki sita. Kila mara nililaza simu mezani kati yetu, yeye akauliza kwa Kiingereza, na mimi nikatafsiri.

"Anauliza unaendeleaje, mama mdogo."

"Mwambie alhamdulillahi, afadhali. Na yeye hajambo? Watoto wake?"

Nikatafsiri: anamshukuru Mungu, anajisikia vizuri zaidi, na anauliza habari za watoto wako. Donna akacheka, akasema hana watoto, ana paka wawili.

"Awasalimie," akasema mama mdogo.

Mara ya pili alijibu, "Afadhali ya jana." Mara ya tatu, "Afadhali, mwanangu, tunasogea." Nilitafsiri kila neno. Unanijua, tangu nikiwa darasa la nne nawasahihisha watu wazima. Nilijisifu moyoni kwamba sipunguzi wala siongezi.

Mwishoni mwa mwezi wa nne barua ya bima ikaja. Ilisema kwamba kwa kuwa mgonjwa mwenyewe, katika mazungumzo matatu, ameeleza kuwa hali yake inazidi kuwa nzuri, na kwa kuwa hawajapata maelezo mengine ya daktari, malipo yatasimama na anatarajiwa arudi kazini polepole. Afadhali tatu, Mama. Wamezipanga kama ngazi, kila moja juu ya mwenzake, na juu kabisa wakamweka mama mdogo, mzima, anasukuma kigari. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemfunga vifungo vya gauni.

Nilimsomea. Alikuwa anakunja soksi kwa mkono wa kushoto, akizibana kwa kidevu.

"Donna kaandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Yule wa paka?"

"Ndiyo, mama mdogo. Wewe ulisema afadhali."

"Sasa mgonjwa akijuliwa hali aseme nini? Aseme anakufa? Mtu kapiga simu kwa adabu, nimmwagie maradhi yangu?"

"Ni kazi yake kuuliza."

"Basi aulize mambo ya kazi. Yeye kaniuliza hali." Akaitupa soksi kapuni. "Na wewe, na hicho Kiingereza chako chote, umeshindwa kulipinda neno moja?"

"Ulitaka nidanganye?"

"Kupinda si kudanganya. Shuka nalo hupindwa, mbona linabaki shuka?"

Nilikwenda kuangalia kamusi, kama kawaida yangu, na kamusi iko upande wangu. Lakini kamusi haijawahi kuugua. Nilijiuliza, je, nilitafsiri maneno yake au nilitafsiri adabu yake? Na kama ni adabu, ningeitafsirije? Ningemwambia Donna, "Anasema yeye ni mtu aliyelelewa vizuri"?

Nikarudi nikamuuliza, "Lakini kweli una nafuu?"

"Ninayo."

"Mkono unaunyanyua?"

"Utanyanyuka."

"Mama mdogo, tutaomba wakusikilize upya. Inabidi useme usichokiweza."

"Sisemi. Nikianza kusema siwezi, mwili nao utakubali. Wewe hujaugua, Zuhura. Usinifundishe."

Niliupeleka ukurasa sahihi wa daktari na nikaomba uamuzi uangaliwe upya. Walikubali, ila walitaka wamsikie mama mdogo tena, safari hii na msimamizi wa Donna, na mkalimani wao wenyewe kwenye simu. Mimi niliruhusiwa kukaa chumbani, siyo kusema. Ndugu hatakiwi kutafsiri. Niliona aibu kama mwanafunzi aliyenyang'anywa chaki, halafu nikaona ahueni, halafu nikaionea aibu ile ahueni.

Mkalimani alikuwa mwanamume, kwa lafudhi nilihisi ni wa Mombasa. Kabla ya yote alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akasema mdogo wako, na akakaa sawasawa kitini.

Msimamizi akauliza anaendeleaje. Nilifumba macho.

"Afadhali," akasema mama mdogo.

"Pole sana, mama."

"Nishapoa."

Nishapoa, Mama! Nilihesabu kwamba tumekwisha. Lakini yule bwana hakutafsiri. Alisema kwa Kiingereza kwamba mkalimani anaomba ruhusa kueleza kitu. Akaeleza kwamba kwetu mgonjwa hujibu hivi kwa heshima ya aliyemuuliza, na kwamba neno hili la pili ni kiitikio cha pole, siyo habari ya afya. Alitumia muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu. Kumbe ilikuwa inaruhusiwa. Wiki zote zile nilikuwa nimekaa pale na Kiingereza changu kilichonyooka, na ilikuwa inaruhusiwa kusimama na kueleza.

Msimamizi akaacha habari ya hali, akamtaka mama mdogo aeleze jinsi anavyotandika kitanda kimoja cha hotelini, mwanzo mpaka mwisho.

Ungemwona mdogo wako! Uso ulifunguka.

"Kitanda kinaanza na godoro, siyo shuka. Nanyanyua kona ya godoro hivi, naingiza shuka chini, nakunja pembe kama bahasha, navuta. Mto nao usiupige. Wasichana wapya wanaupiga makofi, wanautesa bure. Mto unaukumbatia kifuani, unabembeleza foronya, unaingia wenyewe."

Alikuwa akionyesha kwa mkono wa kushoto, kona, pembe, foronya, yote hewani. Wa kulia ulilala mapajani, kiganja kimeangalia juu. Mkalimani alitafsiri kama alivyosikia: nanyanyua, naingiza, navuta. Nikasikia vidole vya msimamizi vikiandika. Simu haina macho, na mimi niliyekuwa na macho nilikatazwa mdomo. Niliuma ulimi, uliuma kweli, bado una kidonda.

Kisha msimamizi akauliza, "Godoro analinyanyua kwa mkono upi?"

Mkalimani akauliza kwa Kiswahili. Mama mdogo akautazama mkono wake wa kulia.

"Kwa huu," akasema. Halafu akasema, "Zamani." Halafu sauti ikashuka, "Siku hizi hausikii, baba. Nauambia, hausikii."

Mkalimani akasema kwa Kiingereza: anauambia mkono, na mkono haumsikilizi. Mimi ningesema haumtii. Lakini nilipofikiria tena, sikuona la kumsahihisha.

Wiki iliyopita jibu lilikuja. Malipo yataendelea mpaka daktari atakapompima upya. Nilimsomea kwa furaha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Wamefurahi kusikia siwezi," akageukia dirishani.

Sasa ndipo ninapochanganyikiwa, Mama, na ndiyo sababu ya barua hii.

Tangu siku ya simu ile hajasema tena afadhali. Nikimuuliza asubuhi, "Umeamkaje, mama mdogo?" ananijibu, "Mkono hausikii," kwa sauti ile ile, kana kwamba mimi nimekaa ofisini kwao na faili. Mpira aliopewa na mtu wa mazoezi ya viungo uko dirishani. Zamani alikuwa akiufinya, au akijaribu kuufinya, huku akiutukana. Sasa nikimwekea kiganjani anauacha uanguke, tena haangalii ulikoangukia. Daktari anasema huzuni huwapata wengi baada ya kiharusi, huja na kuondoka, na kwamba haikuletwa na maswali ya mtu. Huenda ni kweli. Huenda neno lile ndilo lililokuwa limemshikilia, nasi tukalichomoa ili tupate saini ya bima. Huenda pia alikuwa amechoka kulisema, na sasa ndiyo anapumzika. Kila moja naiamini kwa nusu saa.

Juzi nilimwambia, "Mama mdogo, simu imekatwa. Donna hayupo. Umeamkaje?"

Akanitazama, akatabasamu kidogo upande mmoja. "Na wewe huandiki?"

"Siandiki."

Akageukia dirishani tena. Na ona, nimeandika.

Nimebakiza wiki mbili za kukaa naye, kisha narudi kazini, na mhudumu atakuwa akija asubuhi kumsaidia kuoga na kuvaa. Nisingependa nimkabidhi mhudumu mtu aliye kimya hivi, ambaye mimi nilimjua akibishana na soksi.

Msalimie bibi mzaa Baba, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata, cha buluu, siyo kijani, asinune. Msalimie kaka Omari na mkewe, na huyo mtoto wao mpya ambaye bado hamjaniambia amefanana na nani. Shangazi Pili mwambie huku nimemwandikisha mama mdogo kwa cheo chake, anisamehe, hawakuwa na cheo kingine. Msalimie na mwalimu wangu wa darasa la nne, jirani yetu; yeye atacheka sana akisikia nimeshindwa na neno moja la Kiswahili.

Ombi langu ni hili. Utakapompigia mdogo wako, usimwambie umepata barua. Muulize anaendeleaje, kama mnavyojuliana hali miaka yote, na umwachie nafasi ya kujibu, usikimbilie habari za mazao. Mimi nitakuwa jikoni, bomba nimelifunga, nasikiliza. Akikwambia mkono hausikii, mwambie pole, taratibu, kama dada. Na akikwambia afadhali, Mama, usimwamini, lakini tafadhali usimbishie.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka mno,
Zuhura