Sahani ya Mama kwa Bwana Shauri

Changamwe, Jumatano usiku

Mbavu bado zaniuma kwa kucheka.

Tangu mafuriko yabomoe nyumba tunalala skuli. Leo asubuhi bwana shauri alitugaia unga wa msaada wa serikali, akatuazima debe la kuuchukulia. Mama akakataa kulirudisha hivi hivi. "Chombo cha watu hakirudi kitupu, wallahi!" Akapika mikate kwa unga ule ule, akaipanga kwenye sahani yake moja iliyosalimika, akaitia ndani ya debe.

"Na sahani yako je, Mama?"

"Nyamaza. Watu wa serikali nao wana adabu zao."

Tulipompelekea, bwana shauri akala mbele ya foleni nzima, sote hoi kwa kicheko! Mimi nawaza mvua ikirudi tutajisitiri wapi...

Magharibi sahani ikarudi, imejaa misumari ya mabati. Mabati yenyewe hatujayaona, lakini Mama keshachagua pa kuweka mlango.