Kopi ya Kaboni

Lubumbashi, 6 Machi 1989

Mdogo wangu Delphine,

Salamu nyingi. Baridi ya Liège huko Ulaya inakuonea bado? Sisi wazima. Mzee wetu papa anakohoa tu, zawadi ya miaka thelathini na moja kwenye tanuru la shaba.

Nina swali la C, lugha ile ya kompyuta uliyonitumia kitabu chake. Ofisini kwetu kampunini nina tablo, yaani orodha, ya wastaafu mia na nane, na miaka ya kazi ya kila mmoja. Chef, mkubwa wangu, alitaka ukurasa wa majaribio, miaka yote iwe sifuri. Nikaandika fonksioni, kipande cha programu cha kuweka sifuri, nikaipa tablo, ikachapa vizuri sana. Jioni programu ikahifadhi tablo kwenye diski, na asubuhi nakuta sifuri tupu! Unanijua kaka yako, nimekaa miaka kumi kwenye mashine ya kuandikia: mkubwa anapata kopi ya kaboni, orijino inabaki kwenye droo yangu. Nilidhani fonksioni nayo inapewa kopi.

Yaya wako, Alphonse

Liège, 2 Aprili 1989

Yaya Alphonse,

Nashukuru kwa salamu. Nina mafua, lakini nasoma. Mpe papa pole ya kikohozi.

Yaya, C haina kaboni. Ukiipa fonksioni tablo, unaipa anwani ya mahali tablo inapokaa. Inaingia humo humo na kubadilisha orijino. Haijui hata tablo inaishia wapi, wewe ndiye unayeiambia idadi. Uliiambia ngapi? Kama ulitaka kopi, ungeitengeneza mwenyewe kwanza.

Rudisha miaka kutoka kwenye fishi, zile kadi za karatasi, na umwambie chef leo hii. Papa naye yumo!

Mdogo wako, Delphine

Lubumbashi, 20 Juni 1989

Mdogo wangu,

Natumaini mafua yamekwisha. Huku hali si nzuri.

Ile fonksioni niliiambia mia na nane. Wote. Na fishi zilichomwa Januari, ati mashine imeshakula kila kitu. Sikumwambia chef, nikajiambia nitatafuta njia. Mwezi wa tano likatoka agizo: mstaafu asiyefikisha miaka thelathini aache nyumba ya kambi ya kampuni.

Papa alikuja ofisini amevaa medali yake ya kazi. Chef akamwonyesha karatasi yenye sifuri mbele ya jina lake: “Citoyen Kapya, mashini haikosake. Ni mutu njo anakosa. Rudisha funguo.” Papa akasema, “Mutoto yangu iko pale, mumuulize.” Nilikuwa meza ya pili. Niliinamia kibodi, Delphine, sikuinua kichwa.

Sasa yuko kijijini Lukafu, analala kwenye ghala la mahindi la baba mdogo, na kikohozi kimezidi. Nikisema, nafukuzwa, na nina watoto wanne. Mwandikie papa wewe, anakuamini. Mwambie mashine za Ulaya wakati mwingine zinapoteza watu. Barua hii uichome.

Yaya wako, Alphonse

Liège, 9 Julai 1989

Alphonse,

Safari hii sikuulizi hali. Nina hasira na ninaona aibu.

Ulikuwa na miezi miwili ya kusema neno moja. Papa alikuita mbele ya watu, ukaangalia kibodi. Watoto wako nawapenda, lakini wazee wengine mia na saba nao wana watoto.

Sikuichoma barua yako. Nimeituma kwa mkurugenzi wako, orijino, yenye mwandiko wako na sahihi yako. Fotokopi nimeipeleka Lukafu, baba mdogo atamsomea papa. Chef wako alisema kweli, mashine haikosei, ni mutu njo anakosa. Sasa papa atajua ni mutu gani.

Mtoto wa Kapya,
Delphine