Helikopta ya Mzee Gervasi

Jumatano, 3 Desemba

Kufua. Kupiga deki. Foleni ya uji. Leo zamu ya kupiga kengele ilikuwa yangu, nimemwachia mwenzangu. Siwezi kukatiza uwanja mzima watu wananitazama.

Wamenitazama hata hivyo. Mwalimu wa Kiingereza kasoma insha yangu mbele ya kidato kizima. Mada ilikuwa kumbukumbu ya utotoni. Niliandika kuhusu helikopta ya Mzee Gervasi, fundi vyuma wa kule kwetu Kibondo. Ekseli ya lori imesimikwa ardhini, juu yake mabomba manne yametanuka kama mikono, kila bomba linaning'iniza kiti cha debe kwa mnyororo. Watoto wanne wanasukuma, wanne wanaruka. Tunahesabu kwa Kiha, rimwe, kabiri, gatatu, hadi kumi, halafu tunabadilishana. Ukisukuma kumi unapanda kumi. Hakuna aliyelipa kitu. Nikaandika upepo, vicheko, harufu ya grisi. Nikamalizia kwamba siku moja ilisimama tu, kama utoto wenyewe unavyosimama.

Mwalimu kasema ni insha ya kweli kabisa. Kaibandika kwenye ubao wa matangazo.

Si ya kweli. Haikusimama tu. Niliisimamisha mimi.

Kwa Kiingereza najua kupamba. Kwa Kiswahili najijua. Ndiyo maana daftari hili ni la Kiswahili.

Jumamosi, 6 Desemba

Likizo. Nimefika nyumbani kutoka shule, Kasulu, na matope hadi magotini. Mama kapika ugali wa muhogo na samaki, migebuka. Tuko wawili tu, yeye na mimi. Ni mwalimu, alihamishiwa huku kutoka Singida nikiwa na miaka mitatu.

Nilikuja na nakala ya insha. Kosa. Mama kamsomea jirani yote, sentensi kwa sentensi, anatafsiri. Jirani kacheka pale pa kuhesabu. Mimi nilikuwa nakosha vyombo ambavyo vilishakoshwa.

Halafu jirani akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba Ijumaa Mzee Gervasi anaikata ile michuma. Anataka mabomba yake kwa ajili ya geti la mtu.

Sijala tena.

Jumapili, 7 Desemba

Tumetoka misa. Mama kalala. Naandika yote. Sijawahi.

Nilikuwa na miaka minane. Kiti cha bluu kila mtu alikitaka, kwa sababu bomba lake lilikuwa refu kidogo kuliko mengine. Kilikutupa mbali. Uliona juu ya ua wa minyaa hadi barabara ya Mabamba. Mimi nilikikalia mara mbili tu. Nilikuwa nasukuma kumi zangu, nikigeuka kimeshakaliwa. Sikuwa na mdomo wa kusema zamu ni yangu. Nilicheka nao nikaendelea kusukuma.

Kila jioni Mzee Gervasi alivitoa viti vyote akaviingiza ndani, maana wanunuzi wa chuma chakavu hawachagui. Asubuhi alivirudisha. Bolti kwanza, halafu msumari uliopindwa, wa kuzuia bolti isichomoke. Nilimwangalia kila Jumamosi. Nilijua kazi ile kuliko nilivyojua sala.

Jumamosi ile nilishasukuma kumi zangu, Mama akaniita kula. Nikajua nikiondoka tu, kiti kimekwenda. Wenzangu walipokwenda kunywa maji nikauchomoa msumari wa kiti cha bluu, nikautia mfukoni. Akili yangu ilikuwa hivi: kiti kitalegea, wataona kibovu, watakiacha, nitarudi niuchomeke. Nilijiona mjanja sana.

Bolti haikulegea. Ilikaa pale pale, kiti kikaonekana kizima.

Nilipomaliza kula Mama akanipa maharage nichambue. Bado nachambua nikasikia kelele. Bolti ilichomoka kiti kikizunguka, Devota katupwa hadi kwenye minyaa. Devota wa nyumba ya tatu, tuliyekuwa naye darasa moja. Mkono wa kushoto umevunjika kwenye kiwiko. Haujanyooka hadi leo. Watoto wakamwita Kona.

Msumari niliutumbukiza chooni.

Kikaitishwa kikao. Watu wakasema mengi. Wengine wakasema ndiyo mambo ya chuma cha Mrundi hayo, wakati Mzee Gervasi aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake na uraia anao. Hakubishana. Alisimama akasema asubuhi ile alisahau msumari. Hakuwa anamkinga mtu. Aliamini. Msumari haupo, mwenye kuuweka ni yeye, basi kasahau.

Nilikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka wa watoto.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimepita karakana ya Mzee Gervasi. Nilijiambia napita tu.

Alikuwa anamkabidhi mtu dirisha. Kaijaribu bawaba, kafunga, kafungua. Tena. Tena. Mwenye dirisha akamwambia, "Mzee, umeliangalia mara tatu, unadhani litatoroka?" Watu wakacheka. Yeye akajibu kwamba mikono yake ina tabia ya kusahau. Akaijaribu mara ya nne.

Walimu wa chekechea walimwomba bembea mwaka huu. Kakataa. Vitu vya watoto hatengenezi tena, sababu ni hiyo hiyo, mikono.

Akaniona. Tukasalimiana, na salamu za huku ni ndefu: mama, shule, mvua, mama tena. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Nikaaga.

Helikopta iko nyuma ya karakana. Majani yamepanda hadi kwenye mabomba. Nilidhani ni kubwa. Ni ndogo mno.

Jumatano, 10 Desemba

Nimemwambia Mama.

Aliacha kusahihisha. Aliuliza kama kuna mtu mwingine anajua. Hilo ndilo lilikuwa la kwanza. Halafu akasema ninyamaze. Miaka minane imepita, mkono hautanyooka kwa maneno yangu, na sisi ni wageni hapa. Mama yake Devota akiamua kulipeleka kwa mtendaji, nani atasimama upande wetu?

Nikataka kumwambia kwamba Mzee Gervasi naye walimwita mgeni na bado alisimama. Sikumwambia. Nimelia kwa hasira. Sehemu kubwa ya hasira ni kwa sababu moyoni nilifurahi kukatazwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua kutwa nzima. Nilipanga kwenda. Nikasema mvua.

Mvua ilikatika saa tisa. Nikasema jioni imeingia.

Ijumaa, 12 Desemba

Nilisikia grenda nikiwa bado kitandani. Nikavaa, nikaenda, tena kwa kukimbia.

Alikuwa keshakata mabomba mawili. La tatu lilikuwa la kiti cha bluu. Nilisimama kwenye minyaa, pale pale alipoangukia Devota, na maneno yote nilikuwa nayo mdomoni yamepangwa. Ningeweza kupiga kelele asimame. Ningeweza kumgusa bega. Cheche ziliruka, bomba likaanguka kwenye majani, wala halikutoa sauti kubwa.

Akazima. Akaniona. Akasema nisogee, cheche zitanichoma.

Nikasogea.

Mimi ni mwoga. Naliandika hivyo hivyo, bila kulipamba.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimekwenda leo. Nimemwambia. Nilikuwa nimesimama, naangalia buti zake, nikasema yote bila kuvuta pumzi. Kiti cha bluu, zamu, msumari, choo.

Alikaa juu ya fremu ya geti. Nilidhani hakusikia, maana grenda imemharibia masikio.

"Kwa hiyo asubuhi ile niliuweka?"

"Uliuweka, Mzee. Niliuchomoa mimi."

"Niliuweka," akasema. Hakuwa ananiambia mimi.

Halafu akaniambia kwamba kila Pasaka anaungama ule msumari. Padri wa kwanza kahama, wa pili kahama, huyu wa tatu naye keshamwambia. Nikadhani anatania. Nikainua macho. Hakuwa anatania. Anafuta uso kwa glavu na glavu ina masizi.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kiha, "ungekuja jana."

Basi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilipoomba msamaha akasema kwamba la kwake nimemfikishia, na atakaa nalo kwanza. La Devota si lake, hawezi kunipokelea. Akainuka, akarudi kwenye geti. Nilimwangalia akifunga bolti moja. Aliijaribu mara moja, mkono ukabaki hewani, kisha akaijaribu ya pili.

Jumapili, 14 Desemba

Sikwenda misa. Nimesema tumbo.

Jumatatu, 15 Desemba

Devota anasuka watu kwenye kibaraza cha kwao. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea. Kila likizo namwendea yeye. Sijui kwa nini nilikuwa namwendea yeye. Najua.

Nilikaa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yake. Alikuwa na furaha. Akasema, "Ninyi wa Kasulu, nywele zenu ngumu kama hicho Kiingereza chenu." Kiwiko chake hakinyooki, kwa hiyo kila akivuta nywele kinanigonga sikio. Huwa ananiomba radhi. Leo tena kaniomba radhi.

Hapo nikashindwa. Tulikuwa mstari wa tatu. Nikamwambia nikiwa nimempa kisogo.

Mikono ikasimama kichwani mwangu. Haikuondoka. Ilikaa tu, yote miwili, na ule wa kushoto ulikuwa na joto.

"Wewe?"

"Mimi."

"Na kila likizo unakuja hapa unanipa kichwa."

Akasema niinuke. Hakupaza sauti. Akachukua kitana chake, akaingia ndani, akafunga mlango. Mchana kweupe, mlango ambao siku zote huwa wazi.

Nimerudi nyumbani kichwa kimesukwa nusu. Watoto njiani wamecheka. Mama akaniangalia, akaelewa bila kuuliza. Akasema, "Nilikwambia." Baadaye akaniletea chai, akakaa kitandani kwangu.

Jumatano, 17 Desemba

Tunasubiri mama yake Devota aje. Mama anachungulia dirishani kila mtu akipita. Kaandaa maneno, namsikia anayajaribu jikoni.

Hakuna aliyekuja. Jana hakuna. Leo hakuna. Wangekuja ingekuwa rahisi.

Jumapili, 21 Desemba

Misa, na kitambaa kichwani. Upande mmoja mistari mitatu, upande mwingine kichaka. Mama kasema nifumue, ananifumulia mwenyewe. Nimekataa. Siwezi kueleza. Naona kama si haki yangu kufumua.

Baada ya misa Mama alimwendea Mzee Gervasi. Tangu siku ya kikao huwa anapita mbali naye. Alipiga goti kidogo, yeye mtu wa Singida, na salamu ikawa ndefu kama ya wenyeji. Sikusikia walichosema. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kaniambia tu kwamba Mzee anauliza kama shuleni nakula vizuri.

Bembea ya chekechea bado kaikataa. Walimu walimfuata tena wakamwambia si kosa lake, sasa inajulikana, sijui nani kawaambia. Kawaambia kuogopa kumeshamzoea.

Nilidhani nikisema, mambo yatarudi yalivyokuwa. Nilidhani ukweli ni kama kuuchomeka msumari. Helikopta imekuwa geti, liko kwa mtu, linafunguka na kufungwa. Sitaipanda tena, na hakuna mtoto wa chekechea atakayeipanda. Na ningekuja Alhamisi, mvua au si mvua, ingekuwa bado imesimama.

Jumatano, 24 Desemba

Devota alipiga simu ya Mama. Kamwambia nije amalizie, watu wanamwuliza nani kamsuka mtoto wa mwalimu vile, namharibia kazi.

Nimekwenda. Mkeka ule ule. Hakunisalimia. Alichana upande wenye kichaka, akaanza mstari wa nne. Kiwiko kikanigonga sikio, mara hii hakuniomba radhi. Mstari wa tano hivyo hivyo. Sikusogeza kichwa.

Watu walipita, akawatania, wakamtania. Mmoja akamwita Kona, akacheka naye. Mimi hakuniambia neno, ila "geuka" na "inama."

Alipomaliza alinipa kioo. Mistari imenyooka. Ya leo ameibana kuliko ile mitatu ya mwanzo, inavuta hadi machoni.

Nikataka kuinuka. Mteja mwingine akaja, mama mmoja kutoka Murungu, anataka rasta za sikukuu. Nikasogea pembeni kumpisha. Hakuniambia niondoke. Hakuniambia nikae. Nikakaa. Nikachukua fungu la rasta, nikaanza kumgawia moja moja. Anatoa mkono bila kuniangalia, namwekea, anasuka.

Saa kumi mvua ikaanza. Tukauvuta mkeka ndani, yeye kaushika upande wake, mimi wangu.